Kabla Hujasaini Fomu ya Utafiti wa Mwanao

Wembe ulikuwa kifaa cha kazi kwenye chumba chetu cha dawa. Nilianzia uuguzi wodi ya watoto, hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga, na kila asubuhi mmoja wetu alikaa mezani na wembe, karatasi safi na vijiko viwili vya chuma. Kidonge cha mtu mzima kinakatwa nusu, nusu inakatwa robo, robo inasagwa katikati ya vijiko, inakorogwa na maji ya sukari, mtoto anazibwa pua, ananyweshwa. Kidonge hakikatiki sawa. Robo moja inatoka nono, nyingine inabaki unga kwenye karatasi. Mtoto wa kilo saba akipata ile nono na jirani yake wa kilo kumi akapata ule unga, hakuna hata mmoja aliyepata dozi aliyoandikiwa. Akitapika baada ya dakika chache, unabaki umeshika kikombe unajiuliza: nirudie au nisubiri?

Baadaye nilihamia kwenye miradi ya utafiti. Kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa na wazazi kwenye benchi na kuwasomea fomu ya ridhaa. Sasa nimestaafu, lakini bado napigiwa simu na wajomba, marafiki na watoto wa majirani: "Shangazi, kliniki wameniomba mtoto aingie kwenye utafiti, nifanyeje?" Wengine huwa wameshaamua, wanatafuta wa kuwaunga mkono tu. "Kwani mwanangu panya?"

Jibu langu ni lilelile. Mwanao anafanyiwa majaribio tayari. Kila daktari anapokisia dozi ya mtoto kutokana na dozi ya mtu mzima, hayo ni majaribio, ila hayana daftari. Akipona, tunasema dawa imefanya kazi. Akifa, tunasema aliletwa amechelewa. Utafiti unaofuata taratibu unaongeza kitu ambacho wodi haina: mtu wa kuhesabu, na mtu mwingine wa kumsimamia anayehesabu.

Mwili wa mtoto hauendi kwa hesabu ya kugawanya. Mwaka 1959 madaktari Marekani waliripoti watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli kwa dozi kubwa kuliko miili yao ilivyoweza kuhimili. Ini la kichanga halijakomaa kuivunja dawa ile. Ikajaa mwilini, wakageuka rangi ya kijivu, wakafa. Unaweza kudhani basi dawa ya watoto iwe kidogo siku zote. Hapana. Mtoto wa miaka miwili au mitatu huziondoa dawa nyingi mwilini haraka kuliko baba yake, kwa hiyo kwa kila kilo ya uzito anahitaji zaidi. Ndiyo maana mwaka 2010 WHO ilipandisha dozi za watoto za kifua kikuu: isoniazidi kutoka miligramu 5 kwa kilo hadi 10, rifampisini kutoka 10 hadi 15. Fikiria ni watoto wangapi walikuwa wanameza dozi pungufu kabla ya hapo, na sisi wauguzi tukiwahimiza wamalize dawa.

Wembe wetu ulipata likizo kwa sababu ya utafiti. Mseto wa watoto, kile kidonge cha malaria kinachoyeyuka kwenye maji, kilitoka mwanzoni mwa 2009. Kabla ya hapo kililinganishwa na kidonge cha kawaida kilichosagwa, kwa watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania, Zanzibar ikiwemo. Kuna kautafiti kadogo kalikotangulia ambako nakapenda zaidi: watoto wa shule wa hapa Tanzania walionjeshwa dawa ya ladha ya stroberi, ya chungwa na ya cheri, waseme ipi inanyweka. Cheri ikachaguliwa. Hakuna profesa angeweza kulijibu swali hilo kutoka ofisini kwake. Aliyewahi kutemewa kwinini usoni anajua kwamba ladha si pambo. Dawa iliyotapikwa haijanywewa. Hata hivyo ilibidi tusubiri hadi 2025 ndipo vichanga wa kati ya kilo 2 na 5 wakaidhinishiwa mseto uliopimwa kwa ajili yao. Miaka yote hiyo walikuwa wanakadiriwa.

Lakini kama kuna utafiti mmoja ambao ningetaka kila mzazi aujue, ni ule ulioitwa FEAST.

Tulifundishwa hivi: mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo hafifu, ukimbonyeza kucha inakaa nyeupe muda mrefu kabla damu haijarudi, fungua dripu maji yaingie kwa kasi. Vitabu vilisema hivyo. Na macho yetu yalithibitisha. Mtoto anapata maji, mikono inapata joto, anafumbua macho anamtafuta mama yake. Nani angebisha?

Watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania pamoja na wenzao wa Uingereza walibisha. Kati ya 2009 na 2011, katika hospitali kama Kilifi, Mulago, Mbale na Teule ya Muheza, watoto 3,141 wenye hali hiyo waligawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu. Makundi mawili yalipewa maji ya kasi ya aina mbili tofauti. La tatu halikupewa maji ya kasi. Lilipata maji ya kawaida ya kumtunza mgonjwa, damu pale ilipohitajika, na dawa kama wenzao wote. Kamati huru ilikuwa inachungulia takwimu kila baada ya muda. Januari 2011 ikasema simamisheni. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliopewa maji ya kasi walikufa kama 10 na nusu. Katika kundi ambalo halikupewa, 7.3.

Watoto watatu zaidi katika kila mia, kutokana na kitu tulichokuwa tunakifanya kwa mapenzi yote. Na uchambuzi uliofuata ulionyesha jambo linaloniumiza kichwa mpaka leo: dalili zile za mikono ya baridi kweli zilipungua haraka zaidi kwa waliopewa maji. Macho yetu hayakudanganya. Yaliona saa ya kwanza tu. Wale waliokata roho alfajiri tuliwaandika malaria kali, faili likafungwa, na asubuhi tukafungua dripu nyingine. Hospitali moja peke yake isingegundua hata ingekaa miaka mia. Tofauti ya watatu kwa mia haionekani kwa macho, inaonekana kwa kuhesabu maelfu waliopangwa kwa haki.

Msinielewe vibaya hapa. Watoto wanaoharisha mpaka wamekauka hawakuwemo kwenye utafiti ule, wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto wa kuharisha anahitaji maji, na anayahitaji upesi. Nalisema hili kwa sababu nimeshakutana na baba aliyesikia nusu ya habari akakataa mwanawe asiwekewe dripu.

Kuna anayeuliza: mama mwenye mtoto anayekoroma mikononi atasomaje kurasa tano za fomu? Hawezi, na kumlazimisha ni ukatili. Kwenye FEAST kamati za maadili ziliruhusu maelezo mafupi ya mdomo kwanza na kibali cha mdomo, kisha mtoto akitulia mzazi anaelezwa kwa kina na kusaini au kukataa. Kwa utafiti usio wa dharura hakuna sababu ya mtu kukuharakisha. Akikuharakisha, ondoka.

Tafiti nyingine nizitaje kwa haraka. Sindano ya atesuneti iliyofuta kwinini kwa malaria kali ya watoto ilipimwa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo: kwa kwinini walikufa 10.9 kwa mia, kwa atesuneti 8.5. Matokeo yakatoka 2010. Chanjo ya kwanza ya malaria ilipita mikononi mwa watoto 15,459, baadhi yao wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya, ndipo WHO ikaipendekeza Oktoba 2021. Kwa wazazi wa watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, dawa ya haidroksiurea ilishajulikana Marekani na Ulaya muda mrefu, lakini swali letu lilikuwa la kwetu: je, katika nchi yenye malaria na utapiamlo, dawa hii haitamwongezea mtoto maradhi? Ilibidi ijibiwe Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, kwa watoto 606. Jibu lilitoka mwishoni mwa 2018: maumivu yalipungua, malaria pia ilipungua.

Vijana wa rika la balehe ndio wanaosahaulika. Wodi ya watoto wanaonekana wakubwa, wodi ya watu wazima wanaonekana watoto, na kwenye tafiti ni hivyohivyo. Wakikumbukwa, faida inaonekana hadi shuleni. Mwanza wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti wa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Kingamwili za dozi moja zilisimama imara. Kenya nao, Kisumu, Nairobi na Thika, walipima dozi moja kwa wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Mwaka 2022 WHO ikasema dozi moja inaweza kutosha, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Anayejua shida ya kumfuata msichana aliyehama shule ili apate dozi ya pili anaelewa uzito wa jambo hili.

Kijana ana neno lake pia. Mzazi anasaini, lakini mtoto mkubwa anayeelewa naye anaelezwa na kuulizwa, na hapana yake inaheshimiwa. Nakumbuka kijana mmoja wa kidato cha kwanza, baba yake ameshasaini na kalamu kairudisha mfukoni. Nikamgeukia, nikamuuliza. Akatazama sakafu, akasema, "Sindano sitaki, nesi." Baba akaanza, "Wee, unamwambia nani hivyo?" Nikamwambia, "Baba, hapa tunamsikiliza na yeye." Nikafunga faili. Walipata matibabu yao ya kawaida wakaenda zao. Baba alininunia, na nilimwelewa. Kama mwanao ni kijana, ongea naye nyumbani kabla, tena mwache aulize maswali yake peke yake na mtafiti. Kuna mambo hatayasema mbele yako.

Sasa hofu. Sisi watu wa pwani tumekua na hadithi za mumiani, na gari la utafiti likiingia kijijini likatoka na kisanduku cha barafu, mnajua maneno yanavyoanza. Bibi mmoja, mkwewe yuko pembeni na mtoto mgongoni, aliniuliza waziwazi: "Mwanangu, hiyo damu mnaipeleka wapi?" Nilimheshimu sana kwa swali lile, kwa sababu wengine wanaitikia kwa adabu halafu hawarudi. Nikamwonyesha kichupa, nikajaza maji kijiko cha chai nikamimina ndani aone kiasi. Nikamwambia kipi kinapimwa hapa na kipi kinapelekwa maabara ya mbali, na kwamba kusafirisha sampuli nje ya nchi kunahitaji kibali. Akanyamaza, akasema, "Basi andika na hicho kijiko kwenye karatasi yako." Alikuwa na haki. Kiasi cha damu na mahali inapokwenda lazima viwe kwenye fomu. Kama havimo, usisaini.

Na hofu haikutoka hewani. Mwaka 1996 mjini Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilipima dawa yake ya Trovan kwa watoto 200, nusu wakipewa hiyo na nusu dawa nyingine. Watoto 11 walikufa, wengine walibaki na ulemavu, na familia zikasema hazikuambiwa kwamba ule ni utafiti. Kesi zilikwenda miaka mingi, na mwaka 2009 kampuni ikafikia makubaliano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano. Atakayekwambia hofu yako ni ushamba, mtajie Kano.

Ndiyo maana swali la kwanza liwe la kibali. Tanzania Bara, utafiti wa dawa lazima uwe na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa. Zanzibar kuna ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya ya huko. Kenya kuna kamati za maadili na Bodi ya Dawa na Sumu. Omba kuona nakala. Kwenye karatasi ya maelezo kuna namba za simu za watu wa kamati ya maadili, ambao si watafiti wenyewe. Ipigie kabla hujasaini, uone kama inapokelewa. Mtafiti mzuri hakasiriki. Mimi nilikuwa nafurahi mzazi akipiga, maana huyo hatakimbia katikati.

Halafu uliza: mwanangu asipoingia atapata nini? Jibu sahihi ni kwamba atapata tiba ya kawaida bila kununiwa na mtu. Uliza akidhurika nani atamtibu, kwa gharama ya nani, na kama kuna bima. Uliza utafiti ukiisha na dawa ikaonekana inamfaa, ataendelea kuipata wapi. Hili la mwisho wazazi hulisahau, na kwa magonjwa ya maisha kama selimundu au VVU ndilo swali zito kuliko yote. Mtoto amezoea dawa mwaka mzima, mradi unafunga, dawa haipo hospitalini: nimeshuhudia, na sikulipenda.

Pesa. Kurudishiwa nauli ni haki, na chai ya mama aliyekaa toka alfajiri pia ni haki. Ukiona fungu nono kuliko nauli na muda wako, jiulize linanunua nini.

Chukua fomu nyumbani. Kama hujui kusoma, una haki ya shahidi wako mwenyewe, si mfanyakazi wa mradi, akae asikilize yote kabla hujaweka dole gumba. Mwambie mwenzako mapema. Nimeona watoto wengi wakitolewa kwenye utafiti kwa sababu baba alirudi kutoka safari akakuta alama ya sindano kuliko kwa madhara ya dawa yenyewe. Na kama unaishi mbali, barabara inakatika masika, na huna wa kumwachia wengine, sema hapana mapema. Hapana ya siku ya kwanza haimdhuru mtu. Ya mwezi wa nne unaruhusiwa pia, wala matibabu ya mwanao hayakatwi, ila njoo uage ili aangaliwe.

Ukishaingia, kuwa mkweli. Kama umempa mitishamba, sema, hakuna atakayekuchapa. Kama dozi ya juzi ilisahaulika, sema. Dawa ya utafiti usimgawie mdogo wake hata kama anaumwa ugonjwa uleule, kwa sababu dozi ile imepimwa kwa uzito wa mtoto mmoja, na siku ya kuhesabu vidonge hesabu itasomeka uongo. Mtoto akibadilika usiku, usisubiri tarehe ya kliniki. Ile namba kwenye kadi ni ya saa 24, ipigie saa nane za usiku. Na ukimpeleka kituo kingine, nenda na kadi ya utafiti ili daktari wa huko ajue anameza nini.

Kuna jambo moja ambalo nawadai watafiti, wakiwemo niliofanya nao kazi. Damu tunachukua, fomu tunajaza, gari linaondoka, halafu mwaka mzima kimya. Wazazi wanakutana nami sokoni: "Sista, ile dawa ilikuwaje?" Mradi mmoja ulikuja kutoa mrejesho kwa slaidi za Kiingereza, mbele ya viongozi, akina mama wakiwa wamekaa nyuma kabisa na watoto wao. Kwa hiyo siku ya kusaini, kabla hujarudisha kalamu, uliza matokeo yataletwa lini, yatasomwa na nani, na yatasomwa kwa Kiswahili hapahapa kijijini au la. Jibu waliandike kwenye nakala yako ya fomu, uondoke nayo.